Roland Allen, Mchungaji Aliyekataa Kuwaamulia Watu

Jumapili iliyopita tulikaa kwenye Matendo 14, pale Paulo na Barnaba wanarudi Listra, Ikonio na Antiokia, wanaweka wazee katika kila kanisa, wanaomba na kufunga, halafu wanawakabidhi kwa Bwana na kwenda zao. Baada ya ibada mshirika mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, pastor, hao wazee walikuwa wameokoka kwa muda gani? Nikamwambia ni muda mfupi tu, hata tukihesabu vizuri. Akatingisha kichwa. Akasema hapa kwetu mtu anapanga viti miaka minne kabla hajapewa maikrofoni kuomba. Tulicheka sote wawili, lakini nilienda nyumbani na hilo neno likinichoma.

Kwa hivyo wiki hii nimeweka kando somo nililokuwa nimeandaa, niwaeleze maisha ya mtu ambaye hilo swali lilimsumbua karibu maisha yake yote. Hakuwa Mpentekoste. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, Mwingereza, tena mkali. Na kumbe amelala hapa hapa Nairobi, makaburi ya City Park, pale Parklands, mahali ambapo wengi wetu tumewahi kupeleka watoto kulisha tumbili bila kujua ni nani yuko chini ya hizo nyasi. Pio Gama Pinto amezikwa kwenye makaburi hayo hayo, yeye angalau tunamjua. Huyu mwingine anaitwa Roland Allen.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1868 mjini Bristol, Uingereza. Baba yake naye alikuwa kasisi, lakini alifariki Roland akiwa bado mtoto mdogo, mama akabaki na kazi ya kulea. Kijana alikuwa na kichwa. Alisoma Oxford, akawekwa kuwa shemasi 1892, na 1895, akiwa na miaka 26, akatumwa Uchina na SPG, shirika la Kianglikana la kueneza injili. Huko Beijing alijifunza Kichina vizuri na akapewa kazi ya kufundisha vijana Wachina watakaokuwa waalimu wa dini. Mpaka hapo ni misionari kama wamisionari wengine wa wakati wake.

Halafu ukaja mwaka wa 1900. Kulikuwa na kundi la Wachina ambalo Wazungu waliliita Boxer. Hasira yao ilikuwa juu ya wageni, na kwa mataifa ya nje yaliyokuwa yakikata nchi yao vipande vipande. Wakristo Wachina waliuawa kwa maelfu kwa sababu walihesabiwa kuwa upande wa wageni. Wageni waliokuwa Beijing walikimbilia kwenye majengo ya mabalozi wakazingirwa humo siku 55, kuanzia Juni mpaka Agosti, na Allen alikuwa mmoja wao. Aliona chakula kikipungua na watu wakizikwa. Katika mji wa Yongqing, kusini mwa Beijing, wamisionari wawili wa shirika lake waliuawa.

Sasa mtu akitoka kwenye jambo kama hilo anaweza kufanya mambo mawili. Anaweza kusema adui amepigana na kazi ya Mungu, tuongeze bidii, tujenge tena. Wengi walisema hivyo, na si vibaya. Allen alirudi Uingereza, akaandika kitabu juu ya kule kuzingirwa, akaoa 1901, na 1902 akarudi Uchina na mke wake, Beatrice. Akapelekwa Yongqing. Ndiyo, mji ule ule. Lakini alirudi na swali ambalo hakuwa nalo mwanzoni: kwa nini baada ya miaka hii yote kanisa hili bado linaonekana ni la wageni? Kwa nini tukiondoka linaanguka?

Pale Yongqing alianza kufanya mambo tofauti kidogo. Mambo ya kanisa, pesa ya kanisa, nidhamu ya mshirika aliyeanguka, nani abatizwe na nani angoje, alijaribu kuyarudisha mikononi mwa Wakristo wenyewe. Mtu akija kwake na kesi, yeye kama misionari hakutaka kuwa hakimu. Aliirudisha kwa kusanyiko, wakae chini, waombe, waamue, na wakikosea warekebishe. Si kwamba alikuwa mvivu, wapendwa. Kuamua mwenyewe ni dakika tano. Kukaa kimya huku watu wakijifunza kuamua, hiyo ndiyo kazi ngumu.

Haikudumu. Mwaka 1903 afya yake iliharibika kabisa akarudishwa nyumbani, na hakurudi tena Uchina. Kazi ya umisionari ya kuajiriwa ilikuwa imeisha, mtu wa miaka 34.

Mwaka uliofuata akapewa kanisa kijijini Uingereza, Chalfont St Peter. Hapo ndipo tunaona moyo wake. Kwa sheria za kanisa la Uingereza, kasisi alipaswa kubatiza mtoto yeyote wa eneo lake akiletwa, hata kama wazazi hawana habari na Mungu, hawaji ibada, hawaamini na hawajifichi. Wanataka tu ile desturi. Allen alivumilia miaka mitatu. Mwaka 1907 akawaandikia washirika wake barua akajieleza, akaacha kazi. Mshahara, nyumba, heshima ya kuitwa mchungaji wa mahali, yote akaacha, na alikuwa na mke na watoto. Toka siku hiyo mpaka kifo chake, miaka 40, hakushika tena cheo cha kulipwa katika parokia yoyote. Mimi ningefanya hivyo? Mnajua kodi ya nyumba ya Nairobi. Sitajibu haraka.

Lakini angalieni, hakuwa anawafungia watu mlango. Alichokataa ni kuwapa watu alama ya uamuzi ambao hawajaufanya. Kwake ubatizo ulikuwa mtu mwenyewe amesimama mbele za Mungu akasema ndiyo. Ukimpa mtu hiyo ndiyo bila yeye kuisema, umemnyang'anya kitu.

Mwaka 1912 alitoa kitabu kilichomfanya ajulikane, Missionary Methods: St Paul's or Ours? Swali liko pale kwenye jina: mbinu za Paulo au zetu? Hoja yake ni rahisi na inauma. Anasema kabla ya mwaka 47 hapakuwa na kanisa katika mikoa minne ya dola la Rumi, yaani Galatia, Makedonia, Akaya na Asia. Ilipofika mwaka 57 Paulo aliweza kusema kazi yake huko imekamilika. Miaka kumi! Na sisi tuko mahali pamoja miaka hamsini, sitini, na bado tunasema hawa watu hawajakomaa. Basi tatizo liko kwa watu au kwa mlezi?

Wengine walimjibu kwamba Paulo alipata watu rahisi, Wayahudi na wacha Mungu waliojua Maandiko tayari. Allen akawaambia waangalie Korintho na Efeso vizuri. Sanamu kila kona, uchawi, utumwa, damu ya watu ikimwagwa viwanjani kuwa burudani, na uasherati ambao 1 Wakorintho haifichi. Hao ndio Paulo aliwaacha na wazee, Maandiko, ubatizo na Meza ya Bwana, akaenda zake. Aliwaandikia barua, aliwatembelea, aliwatumia Timotheo na Tito. Hakuwatupa. Lakini hakukaa juu yao.

Kama mtu wa biashara, sehemu iliyonishika zaidi ni ile ya pesa. Allen aliona Paulo alikuwa na kanuni tatu: hakutafuta riziki kwa wale aliowahubiria, hakuwaletea pesa za kuwavuta, na hakushika hazina ya kanisa la mahali. Fikirieni hiyo ya tatu. Pesa yao walishika wenyewe. Nimefanya masomo ya uongozi wa kampuni miaka minne, na naweza kuwaambia kwamba anayeshika kitabu cha hundi ndiye anaamua, hata mkimpa mwingine cheo cha mwenyekiti. Allen aliliona hilo bila digrii ya biashara. Aliandika kwamba misheni inayolipa mishahara ya walimu wote na kujenga kila jengo inafundisha watu kunyoosha mkono, hata kama mahubiri yanasema kitu kingine.

Tena aliona jinsi Paulo alivyojibu maswali. Wakorintho walimwuliza juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, jambo la kila siku sokoni. Angeweza kuandika mstari mmoja: kuleni, au msile. Ukisoma 1 Wakorintho 8 mpaka 10 unaona anawazungusha. Anawapa msingi, upendo, dhamiri ya ndugu aliye dhaifu, meza ya Bwana na meza ya mashetani, halafu anawaachia watembee juu ya huo msingi. Inachosha kuisoma kama unataka tu jibu.

Hapa lazima niwaambie jambo langu mwenyewe, kwa sababu nikiandika juu ya Allen na kulificha nitakuwa mnafiki. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alikuja ofisini akauliza kama aache kazi ya kuajiriwa aanze biashara ya vifaa vya ujenzi. Mimi nikachomoa kalamu. Nikampigia hesabu ya mtaji, faida na kodi, nikamwombea, nikamwambia Bwana amefungua mlango, aache kazi. Akaacha. Duka lilidumu miezi saba. Hasara iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya duka kufungwa alirudi kwenye kiti kile kile kuniuliza sasa afanye nini. Hakuwa amejifunza chochote, maanake uamuzi haukuwa wake hata siku moja. Mke wake baadaye aliniambia kwamba yeye hakuulizwa. Hata mimi sikumuuliza kijana kama amemuuliza mke. Na Mungu je, alimuuliza? Alikuwa na pastor, ya nini amuulize Mungu.

Nimeomba msamaha kwa hiyo nyumba, na wamenisamehe. Lakini niliposoma habari za Allen, nilijiona mimi ndiye misionari mwenye kitabu cha hundi, ila hundi zangu ni maneno ya unabii.

Mizizi ya hoja ya Allen ilikuwa Roho Mtakatifu, na hapo ndipo sisi tungepaswa kuwa tumemtangulia. Mwaka 1917 aliandika kitabu kidogo juu ya Pentekoste na kitabu cha Matendo. Anachosema ni kwamba kama kweli tunaamini mtu aliyeokoka amepokea Roho wa Mungu, basi kumnyima nafasi ya kuamua, kutoa, kuhubiri na kukosea ni kusema kwa matendo kwamba Roho aliye ndani yake ni mdogo kuliko Roho aliye ndani yetu. Hili neno angeambiwa Mpentekoste na Mpentekoste mwenzake lingekuwa la kawaida. Liliandikwa na kasisi wa Kianglikana kwa Waanglikana, na wengi hawakumpenda kwa hilo.

Maisha yake ya kati nitayapitia haraka. Vita vya kwanza vilipoanza alikuwa kasisi kwenye meli ya hospitali, Rohilla, ambayo ilivunjika kwenye miamba karibu na Whitby Oktoba 1914. Wengi walikufa, yeye akatoka hai. Baadaye alifanya kazi na Sidney Clark, mfanyabiashara aliyetumia mali yake kuchunguza kazi za misheni, na mwaka 1927 akatoa kitabu kikubwa juu ya kanisa kuenea lenyewe, bila kusukumwa na ofisi. Alitembelea India, Kanada na kusini mwa Afrika. Kila mahali alipiga ile ngoma moja: wawekeni wakfu watu wa mahali, wakulima, mafundi, waalimu, wanaoishi kwa kazi za mikono yao, ili kusanyiko lisikae miezi likingoja kasisi mmoja apite ndipo lishiriki Meza ya Bwana. Maaskofu walimsikiliza kwa adabu, wakarudi kwa kazi zao.

Na niseme ukweli, hakuwa mtu rahisi. Aliandika kama mtu anayekata kuni. Hakuacha shirika lolote wala chama cha wafuasi. Wengine wanaona huo ni udhaifu, kwamba mtu mwenye hoja nzuri hivyo alishindwa kuishi ndani ya kanisa lolote akaijaribu. Nadhani wana ukweli kidogo. Mtu anayefundisha kuaminiana angeweza kuwavumilia maaskofu zaidi. Lakini pia ingekuwa ajabu mtu huyo aanzishe makao makuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na Beatrice walihamia Kenya, kwa sababu watoto wao wawili walikuwa wamekuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Wakakaa Nairobi. Nairobi ya wakati ule mnaijua kutoka kwa hadithi za babu: Mzungu huku, Mhindi huku, Mwafrika na kipande shingoni. Sitaki kumfanya Allen mpigania uhuru, hakuwa hivyo. Alisaidia ibada hapa na pale, halafu akaona kwamba hata huko kusaidia kunawafanya walowezi wakae tu wakingoja kasisi wa kuazima, badala ya wao wenyewe kubeba kanisa lao. Akaacha. Miaka ya mwisho alikuwa akiadhimisha Meza ya Bwana nyumbani na familia yake.

Wakati huo huo, bila shirika lolote kupanga, ule uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulifika Kabete mwaka 1937, ukibebwa na watu wa kawaida waliotubu hadharani na kushuhudia kwenye mabasi na masokoni. Kutoka Kabete mpaka kwake ni safari fupi.

Na alifanya nini katika uzee? Alijifunza Kiswahili. Jamani, mzee anakaribia miaka 70 anaanza ngeli! Na hakujifunza cha kuagiza chai. Aliingia kwenye tenzi za zamani za pwani, zile zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazitafsiri kwa Kiingereza. Tafsiri yake ya Inkishafi ilichapishwa 1946. Mtoto wake John aliendelea na kazi hiyo, akakusanya miswada mingi ya Kiswahili kule Dar es Salaam, na wasomi wa lugha wanamjua zaidi kuliko baba yake. Mimi naona hii si burudani ya uzee tu. Mtu aliyesema maisha yake yote kwamba watu wa mahali wana kitu, aliishia kukaa kama mwanafunzi mbele ya maneno ya watu wa mahali, tena Waislamu, akayachukua kwa uzito.

Mjukuu wake amesimulia kwamba akiwa mtoto alimwuliza babu kama anaweza kusoma vitabu vyake. Babu akamruhusu, lakini akamwambia hatavielewa, na kwamba haoni mtu yeyote akivielewa mpaka yeye awe amekufa miaka kumi. Alifariki hapa Nairobi tarehe 9 Juni 1947. Ilipofika kama mwaka 1960 vitabu vyake vilichapishwa upya na wachungaji na wamisionari dunia nzima wakaanza kuvitafuta. Padri Vincent Donovan, aliyekwenda kwa Wamaasai kule Tanzania upande wa Loliondo, alikiri kwamba Allen alimsaidia kuacha shule na hospitali kando kwanza, akae tu na watu awaambie habari za Mungu na kuwaachia waamue, ukoo kwa ukoo.

Lakini wapendwa, kuna mtu aliyemwelewa akiwa bado hai, na huyo ni wa kwetu. Alice Luce alikuwa misionari wa Kianglikana India, akajazwa Roho, akajiunga na Assemblies of God. Mwaka 1921 aliandika mfululizo wa makala kwenye gazeti la Kipentekoste akichukua hoja za Allen juu ya Paulo na kuzipeleka kwa Wapentekoste, na mwaka huo huo kanisa lake liliamua kwamba misheni zake zitafuata njia hiyo ya Agano Jipya. Miaka 30 baadaye Melvin Hodges, aliyefanya kazi Amerika ya Kati, akaandika kitabu chake juu ya kanisa la kienyeji, na kikasomwa kwenye vyuo vya Biblia vya Kipentekoste nchi nyingi. Kwa hiyo pastor Mwafrika aliyefundishwa huko kwamba kanisa lijiongoze, lijitegemee na lijieneze, amekula chakula cha huyu mzee wa City Park bila kujua ni nani alipika.

Nilienda pale City Park Jumanne baada ya maombi ya asubuhi. Kaburi ni la kawaida tu, msalaba wa jiwe, jina lake, kwamba alikuwa mtu wa daraja takatifu, na miaka, 1868 mpaka 1947. Hakuna orodha ya vitabu.

Ushirika wa nyumbani wa upande wa juu unakutana Alhamisi hii saa kumi na mbili jioni kuchagua kiongozi, kwa sababu yule tuliyewapangia amehamia Nakuru. Wamenitumia ujumbe mara tatu wakiuliza ofisi inapendekeza nani. Ofisi haipendekezi mtu. Someni Matendo 6 na 1 Timotheo 3, fungeni kama mtakavyokubaliana, na mkishaamua mtuambie jina ili tuje tumwekee mikono.